Waume Wanne wa Bi Asumini

Nchi ninayoisimulia ipo, msiwe na wasiwasi. Ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana jina lake lilipelekwa kuhakikiwa na mpaka naandika haya halijarudi. Kwa sasa tunaiita Nchi tu, sisi tunaitwa wananchi, na mambo yanakwenda.

Ni nchi ya amani. Amani yenyewe imezidi kiasi kwamba serikali, baada ya kumaliza matatizo yote ya walio hai (maji yatakuja, wameshasema), iliona igeukie wafu. Waziri wa Majina, Nasaba na Makaburi alizungumza redioni jioni moja, kwa uchungu, akasema huko makaburini kuna fujo. Watu wamelala ovyo. Jirani hamjui jirani. Mke yuko mashariki, mume yuko magharibi, katikati yao kalala fundi baiskeli ambaye hawahusu. Taifa linalokimbilia maendeleo, alisema Waziri, haliwezi kulala bila mpangilio.

Basi ikapitishwa Sheria ya Ujirani Mwema Makaburini. Kila anayetaka siku yake ikifika alazwe kando ya mtu wake, athibitishe mapema kwamba ni mtu wake kweli. Na kila nafasi iliyo wazi kando ya kaburi, ikifika mwisho wa mavuno haijathibitishiwa mtu, inarudi serikalini, na serikali itajua ya kuifanyia.

Tangazo hilo lilimkuta Bibi yangu, Bi Asumini binti Malibiche, akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

Babu yangu amezikwa Kilimani, kaburi la kwanza kutoka barabarani, na kando yake pana nafasi. Bibi huifyeka kila Idi. Akiizungumzia husema "pangu," kama mtu anayekuachia kiti sekunde moja akanawe mikono. Na si mtu wa kuomba omba. Yeye mwenyewe aliniambia siku hiyo kwamba serikali hajawahi kuiomba kitu maishani mwake. Hata barabara hakuomba, waliijenga wenyewe na ikabomoka yenyewe. Lakini pale ni pake.

"Mume wangu," akaniambia, "kesho tunakwenda mjini."

Msishtuke. Mimi nimerithi jina la Babu, na kwetu mke hatamki jina la mumewe, hata nyumba ikiungua. Sasa jina la Babu ndilo langu, kwa hiyo langu nalo halitamki. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa ananiita mume wangu, nami namwita mke wangu. Baba yangu mzazi, kwa heshima ya baba yake, huniita Baba. Hata alipokuwa akinichapa alikuwa akitanguliza adabu: "Baba, lala chini."

*

Ofisi ya Makaburi ina kidirisha kimoja, nacho kimetobolewa usawa wa kitovu, ili mwananchi akizungumza na serikali ainame. Bibi hakupata taabu, kwa kuwa umri ulikwishamwinamisha. Mimi niliinama kama anayetafuta shilingi.

Ndani alikaa Bwana Ngwale, Afisa Mwandamizi wa Marehemu. Kijana msafi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Akamwamkia Bibi vizuri, Bibi akaitikia marahaba, akaeleza shida yake kwa maneno machache: mume wangu yuko Kilimani, nataka nafasi iliyo kando yake, hati ya ndoa hii hapa.

Bwana Ngwale akatazama daftari la makaburi, akatazama hati ya ndoa, akarudi daftarini. Akavua miwani. Halafu akasogeza mdomo karibu na kitundu na kupunguza sauti, kama mtu anayekusitiri.

"Bibi, hati yako inasema wewe ni mke wa Nambunga. Huyu aliyelala pale anaitwa Baba Havijawa. Nambunga anajua kwamba unataka ukalale na mwanamume mwingine?"

Bibi alicheka mpaka akashika dirisha. Bwana Ngwale akaandika mahali: mhusika ameulizwa, amecheka, hakukana.

Nikamweleza. Havijawa ni shangazi yangu, kifungua mimba wa Babu. Tangu azaliwe, mtaa mzima haukumwita Babu kwa jina lingine. Nani angethubutu? Kumwita mzee jina lake kavu ni sawa na kumvua kofia mbele ya wakwe. Siku ya mazishi karani wa makaburi alipowauliza wachimba kaburi wanamzika nani, walimjibu kwa heshima zao zote: Baba Havijawa. Na kweli ndiye.

Bwana Ngwale akasikiliza kwa upole. Akasema maelezo yangu ni mazuri, yana mtiririko, tatizo lake ni kwamba yanaeleweka, na ofisi yake haifanyi kazi na vitu vinavyoeleweka bali vilivyothibitishwa. Akatushauri tumlete huyo Havijawa, athibitishe kwamba Baba Havijawa ni baba yake.

Nikaona neno limekwisha. Kuna ugumu gani hapo?

*

Shangazi Havijawa alikuja na cheti chake cha kuzaliwa kwenye mfuko wa plastiki na hasira zake mkononi. Ni mwanamke wa kimo, muuza vitumbua aliyezoea kusikilizwa. Alikataa kuinama, akakaa chini kabisa, akanyanyua uso, akapitisha cheti.

Cheti kilisema: Havijawa binti Yosefu Lukanga.

Hapa lazima nieleze mambo ya mashamba ya mkonge, kwa faida ya vijana wenzangu. Zamani zile ulikuwa huwezi kukata mkonge bila kipande, yaani kikaratasi cha kazi chenye jina lako. Babu alifika shambani wakati wa kuandikisha umepita. Ila bahati yake, mkata mkonge mmoja aitwaye Yosefu Lukanga alikuwa amechoka na miiba, akarudi kwao, kipande akakiacha kambini. Babu akakichukua, akaingia kazini. Msimamizi hakuuliza kitu. Kwa hesabu zake jana Yosefu alikuwa ameinama shambani na leo Yosefu ameinama shambani. Kwa hiyo Babu, mtu aliyefunga kila Ramadhani ya maisha yake, alikuwa Yosefu kuanzia alfajiri mpaka jioni, na kila Krismasi shamba lilimgawia kitambaa cha shati ili naye afurahie sikukuu ya dini yake. Alifurahi. Shangazi alizaliwa katika zahanati ya shamba, mkunga akanakili jina la baba kutoka kwenye kipande.

Bwana Ngwale akapiga muhuri kwenye hewa, namna anavyofanya akifikiri.

"Kwa hiyo wewe Havijawa," akasema, "si mtoto wa Baba Havijawa."

"Unasemaje wewe?"

"Mimi sisemi, mama. Serikali ndiyo inayosema, mimi nasikiliza kama wewe."

"Sasa huyo Baba Havijawa ni baba wa nani?"

"Hilo," akajibu Bwana Ngwale, "liko nje ya idara yangu."

Shangazi alianza kuinuka, na kwa kuwa dirisha lile ni dogo mkono ndio ulitangulia kupita. Tukamzuia. Bibi akamwambia mwanawe atulie, kijana wa watu yuko kazini. Bwana Ngwale, akiwa amejisogeza na kiti chake mpaka ukutani, akatupa ushauri mwingine: majina ya ukubwani yana mchanganyiko, ila jina la kuzaliwa halisemi uongo. Twende tukachimbue mzizi. Tukipata jina alilozaliwa nalo, hayo mengine yote yatajipanga nyuma yake kama watoto wa shule.

Tukaenda kijijini kwao Babu, kwenye ofisi ya tarafa, yanakotunzwa maandishi ya majumbe wa zamani. Na mzizi tukaupata. Mtoto wa kiume, mama yake fulani, baba yake fulani, kijiji kile, mwaka ule. Jina: Jalala.

Bibi alipoona nimelikodolea macho ndipo akanieleza. Mama mkwe wake alikuwa amezaa na kuzika, akazaa na kuzika. Alipojifungua Babu akaapa huyu hamtoi. Akampa jina la mahali pa kutupia taka, ili kifo kikipita mlangoni kikisikia anaitwa Jalala, kidhani hapo hapana cha kuchukua. Na kifo kikapita. Alipokwenda jando, wazee wakamvua jina hilo pamoja na utoto wake, wakampa Nambunga, jina la kiume la kuolea. Na tangu siku hiyo kumwita Jalala kulikuwa ni kumtukana yeye na kungwi wake.

Kwa hiyo kifo, pamoja na uzoefu wake wote, kilidanganyika kwa jina moja. Serikali yetu ni makini zaidi. Tulipompelekea Bwana Ngwale nakala ya mzizi, hakudanganyika hata kidogo.

"Sasa wamekuwa wanne," alisema.

*

Barua ya kuitwa barazani haikuchelewa. Ilibebwa na askari wawili, mmoja wa kuileta na mmoja wa kushuhudia kwamba imeletwa. Mitambo ya Wizara ilikuwa imekaa na majina yale ikayachambua. Mitambo ikagundua kwamba Bi Asumini amehusishwa na wanaume wanne, kwa majina Jalala, Nambunga, Yosefu Lukanga na Baba Havijawa. Kati yao aliyefariki ni mmoja tu, Baba Havijawa, maana ndiye pekee mwenye kaburi. Wale watatu wako hai na afya tele. Ushahidi ni kwamba wamepiga kura katika chaguzi zote zilizofuata mazishi yale, tena mapema, kabla vituo havijafunguliwa, tena kwa chama kimoja. Jalala aliwahi hata kutajwa kwenye hotuba kama mpigakura wa mfano.

Kwa hiyo Bi Asumini alikuwa anaitwa mbele ya Baraza Kuu la Uhakiki kujibu kosa la kuwa na waume kuzidi mahitaji.

Nilimsomea barua yote. Aliisikiliza huku akichochea moto.

"Wanne," akasema. "Na kuni nakata mwenyewe."

*

Barazani tulisimama wote kwa ajili ya kumpokea Mwenyekiti, ambaye ni Waziri mwenyewe. Ilibidi tusimame muda mrefu kwa sababu mpiga mbiu alikuwa akisoma jina lake: Mheshimiwa Daktari Alhaji Injinia Kanali Mstaafu Sudi Kimbunga, Simba wa Mabonde, Mlezi wa Vijana, Baba wa Makaburi. Shuleni kwetu kwenye jiwe la msingi ameandikwa Sudi. Darajani ameandikwa Simba wa Mabonde. Kwenye picha ya ukutani, Baba wa Makaburi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kama ni mtu mmoja. Mtu mkubwa vile jina moja lingembana.

Akahutubia. Alisema jina ni mhimili. Alisema taifa ni kama nyumba, na nyumba ni kama taifa, na mwenye masikio amesikia. Alisema kuna wananchi wenye tabia ya kuwa na jina hili asubuhi na lile jioni, na watu hao ndio wanaochelewesha umeme. Tulipiga makofi. Kando yake aliketi Katibu Muhtasi wake, msichana mpole mwenye kucha ndefu, akiandika kila neno, na akikosa neno Waziri alikuwa akimrudia yeye peke yake taratibu, kwa sauti tofauti na ile ya kuhutubia. Bwana Ngwale alikaa chini yao na sheria mapajani.

Halafu Bibi akaitwa mbele, akapewa kiti.

"Bibi," akasema Waziri, "tusichoshane. Mumeo anaitwa nani?"

Bibi akajifunga kanga vizuri. Akasema hawezi kusema.

"Humjui jina?"

"Nalijua. Halitamkwi na mimi."

Baraza likanong'ona. Bwana Ngwale akaandika. Waziri akaegemea nyuma kama mtu aliyeona paka kapita na nyama, akamwambia Bibi kwamba hapo mbele ya serikali mwiko hakuna, aseme. Bibi akasema serikali ni kubwa kweli, lakini adabu aliyofundishwa na somo yake haikuwa na kifungu cha serikali. Akatafuta namna ya kumsaidia yule mtu mzima mwenzake asiaibike. Akageuka, akaninyooshea mkono.

"Jina analo mume wangu huyu. Muulizeni, ndiye msomi."

Waziri akaniita. Akaniomba kitambulisho. Akasoma: Nambunga. Akampa Bwana Ngwale, naye akasoma: Nambunga. Ikaletwa hati ya ndoa, ikawekwa kando. Nambunga na Nambunga. Nilijaribu kueleza mambo ya kurithi jina, lakini Waziri aliinua kiganja akaniambia kwa upole kwamba mume mwema humwacha mkewe aseme. Akamgeukia Bibi.

"Unamwita mume wako tangu lini?"

"Tangu anazaliwa."

"Na yeye hukuitaje?"

"Mke wake."

Mjumbe mmoja alisikika akisema kumbe vijana wa siku hizi bado wapo wenye msimamo. Mwingine akauliza mbona mume ni mdogo hivi, akajibiwa kwamba chakula cha asili.

Uamuzi ulisomwa papo hapo. Moja, Nambunga, mume halali wa Bi Asumini, amepatikana akiwa hai, jambo ambalo daftari la wapiga kura lilikwisha kulisema na sasa heshima ya daftari hilo imerudi. Mbili, Baraza linampongeza. Tatu, kwa kuwa mwombaji ana mume hai na anayetembea, maombi yake ya kulazwa kando ya mwanamume mwingine ni kinyume cha maadili na yametupwa. Nafasi ya Kilimani irudi serikalini. Waziri akaongeza, kwa unyenyekevu, kwamba ni nafasi nzuri, iko barabarani, magari ya waombolezaji yatapata pa kuegesha, na kwamba yeye binafsi, kwa kuonyesha mfano, yuko tayari kujitolea kuitumia siku yake ikifika.

Wakaenda kunywa chai.

*

Bibi alikaa kwenye ngazi za nje. Nilikaa kando yake nikasubiri anitanie, kwa kuwa mambo kama haya ndiyo chakula chake. Nilitegemea aseme walau kwamba serikali imempa mume asiye na ndevu. Hakusema. Alikuwa anatazama miguu yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni bibi kizee.

Baadaye akasema, "Basi nitalala na wageni."

Ndipo Bwana Ngwale akatoka na kikombe chake, akatukuta pale, akaona haya. Nadhani kucheka kwa Bibi siku ile kulikuwa bado kunamkereketa. Akasema yeye hana lake, sheria ndiyo ilivyo: anayeruhusiwa kulala kando ya marehemu ni ndugu wa damu, mke, mume, au mchumba.

Nikamuuliza mchumba kaingiaje. Mke na mume nimeelewa, lakini mchumba?

Bwana Ngwale akatazama kulia na kushoto. Akasema rasimu haikuwa na mchumba. Neno hilo liliongezwa na Waziri kwa mkono wake mwenyewe, siku ile alipotoka na Katibu Muhtasi kukagua makaburi. Mke wa Waziri ana nafasi yake kwenye kaburi la familia, kijijini kwao. Mtu mkubwa hufikiria mbali. Akanywa chai yake, akarudi ndani.

Bibi akanyanyua kichwa.

"Hivi mume wangu walivyoamua mle ndani ni wewe?"

"Ndivyo walivyoamua."

"Kwa muhuri?"

"Kwa muhuri."

"Basi niache."

Sikumwelewa. Akarudia polepole, namna anavyonifundisha kuchagua nazi.

"Niache, mwanaume. Toka umezaliwa hujaninunulia hata kanga. Nikiachika sina mume. Na asiye na mume haposwi?"

*

Walipotoka kwenye chai walitukuta tumesimama mbele. Nikatangaza kwamba mimi Nambunga, mume halali kwa uamuzi wa Baraza, namwacha mke wangu Asumini. Waziri akauliza sababu. Bibi akadakia: matunzo hafifu, na anakoroma. Nikampa talaka moja. Bibi akadai tatu, nisije nikamrudia rudia. Nikampa zote. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Alisema ndoa ya miaka mingi ikivunjika inauma hata kwa asiyehusika. Bwana Ngwale akagonga muhuri, mara hii kwenye karatasi.

"Sasa," akasema Bibi, "mimi ni mwanamke huru, na ninaleta posa. Nataka kuchumbiwa na Baba Havijawa wa Kilimani."

Waziri alicheka kwanza. Kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akasema Bibi, huyo ni marehemu. Bibi akasema anafahamu, alikuwepo. Waziri akasema uchumba na marehemu haujawahi kutokea. Mimi nikaomba kwa heshima kifungu kisomwe. Bwana Ngwale akakisoma. Kilisema mchumba, hakikusema wa nani wala wa tangu lini.

"Kifungu hicho kina makosa," akasema Waziri. "Neno hilo tunaweza tukalifuta sasa hivi. Andika, neno mchumba..."

Hapo Katibu Muhtasi aliacha kuandika. Akaweka kalamu chini, taratibu, akainua macho akamtazama Waziri. Alimtazama tu, namna mtu anavyoitazama nyumba aliyoahidiwa.

Mheshimiwa Daktari Alhaji Injinia Kanali Mstaafu akakohoa. Akakohoa tena. Akasema kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, Baraza limeridhika kuwa uchumba ni nguzo ya taifa. Ila ndoa haiwi bila ridhaa. Bwana harusi lazima aulizwe, na aulizwe mwenyewe. Akikaa kimya, basi, kwa mujibu wa mila zetu nzuri, ambapo mwali akiulizwa akanyamaza huhesabiwa amekubali, kimya chake kitachukuliwa kuwa ni ridhaa.

Nafikiri alitumaini marehemu angejibu chochote. Watu wakubwa wana matumaini makubwa.

*

Asubuhi tuliyopangiwa tulikuwa wachache pale Kilimani. Bibi alivaa kanga mpya, doti aliyonunuliwa na Shangazi. Shangazi alikuja na vitumbua, maana alisema hata kama mchumba hali, posa bila kitu cha kutafuna ni aibu kwa upande wa mwanamke. Magari yalipita barabarani, mengine yakipunguza mwendo kututazama.

Bwana Ngwale alisimama miguuni pa kaburi na karatasi yake. Kwa tahadhari, asije marehemu akadai baadaye kwamba hakuitwa, aliamua kuita majina yote. Akaita Jalala. Shangazi akamtupia jicho, lakini akavumilia. Akaita Nambunga, nikajizuia nisiitike. Akaita Yosefu Lukanga. Akaita Baba Havijawa. Akauliza, kwa sauti ya serikali, kama mhusika anaridhia Bi Asumini binti Malibiche awe mchumba wake na alazwe kando yake siku itakapofika, na kama ana pingamizi aliseme sasa. Tukasikiliza. Upepo ulipita kwenye majani. Bwana Ngwale alitega sikio, kweli alitega, mimi nilimwona. Akaangalia saa yake, akaandika.

Kisha akasema imebaki hatua moja. Sheria inataka mwombaji naye amwite mchumba wake kwa jina, serikali ikisikia, ili ijulikane wanafahamiana.

Nikamwambia Bwana Ngwale kwamba hilo haliwezekani, na anajua kwamba haliwezekani. Bibi akaniashiria ninyamaze. Akapiga magoti pale kichwani pa kaburi, kwa shida, akijishika kwangu. Akainama mpaka kanga ikagusa udongo. Akasema neno moja, fupi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwanamke kijana aliye ndani ya nyumba na mlango umefungwa.

Halikuwa Jalala. Halikuwa langu. Shangazi alinitazama, nikaona naye hakuwahi kulisikia.

Bwana Ngwale alikuwa amekwisha pitisha kalamu kwenye majina yote manne, juu na chini.

"Samahani, Bibi," akasema. "Hilo halimo. Hebu rudia niandike."

Bibi alikuwa anajipangusa magoti.

"Siwezi kurudia, mwanangu. Si wewe niliyekuita."

Bwana Ngwale alisimama na kalamu yake. Alilitazama kaburi, akamtazama Bibi, akaitazama ile nafasi iliyofyekwa vizuri kando ya kaburi. Nilidhani sasa ndiyo tunaanza upya. Lakini aliegemeza karatasi gotini, akaandika kitu, akagonga muhuri, akanikabidhi nisome.

Aliandika: Marehemu ameitwa mbele yangu. Amenyamaza. Wanafahamiana.